Mwosha Huoshwa: Filamu ya Freddie Mercury Ilivyotugawa Ruiru

Jumamosi moja ya mwezi uliopita nilialikwa na vijana wa hapa Ruiru nikatazame senema. Nasema senema kwa mazoea ya umri wangu. Kwa kweli ulikuwa ni ukuta uliopakwa chokaa, projekta ndogo juu ya kreti la soda, na viti vya plastiki thelathini na kitu katika chumba cha ghorofa ya pili, juu ya duka la saruji na mabati, si mbali na stendi ya matatu. Vijana wenyewe ni wapenzi wa muziki wa roki. Huvaa fulana nyeusi zenye mafuvu, nywele wameziachia, na ukikutana nao usiku huenda ukashika upande wa pili wa njia. Lakini adabu zao, msomaji, hazina kasoro. Nilipoingia na kofia yangu ya viua nilikuta kiti cha mbele kimekwisha wekwa, na chai ya maziwa ikaja kabla sijakaa vyema.

Filamu yenyewe yaitwa Freddie Mercury: The Final Act, iliyotengenezwa Uingereza na kuonyeshwa na BBC mwaka 2021. Ni filamu ya hali halisi, yaani hamna waigizaji. Wasemao ni ndugu, marafiki, wanamuziki wenziwe na watu wa kawaida walioishi nyakati zile. Yahusu miaka ya mwisho ya mwimbaji wa bendi ya Queen, maradhi ya ukimwi yaliyomwondoa duniani tarehe 24 Novemba 1991, na tamasha la kumkumbuka lililofanywa uwanja wa Wembley tarehe 20 Aprili 1992, mbele ya watu wapatao 72,000.

Sikualikwa kwa kuwa ni mjuzi wa magitaa. Nilialikwa kwa sababu mimi ni mtu wa pwani, na marehemu alizaliwa Unguja. Vijana walitaka nije niwaambie kama ni wetu au si wetu. Nami nilikwenda nikiwa na deni la zamani juu ya jambo hilo hilo, deni ambalo hawakulijua.

MTOTO WA UNGUJA

Kwa wale wasiomjua, jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 katika jamaa ya Maparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta, ambao mababu zao walihama Uajemi wakaenda India karne nyingi zilizopita. Babake, Bomi, alikuwa keshia katika serikali ya kikoloni. Mtoto alipofika miaka minane alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India, na huko ndiko alikojifunza piano na kupiga katika bendi yake ya kwanza. Alirudi Unguja mwaka 1963. Mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, jamaa nzima ilihamia Uingereza. Alikuwa na miaka 17.

Huko alisomea uchoraji, na mwaka 1970 akaunda bendi ya Queen pamoja na Brian May na Roger Taylor. John Deacon akajiunga mwaka 1971. Ndipo alipojibadili jina. Mwaka 1975 wakatoa wimbo wa "Bohemian Rhapsody", wa takriban dakika sita, usiofanana na wimbo wowote uliokuwa ukipigwa redioni wakati huo. Ndani yake mna neno moja la Kiarabu ambalo mimi nilifundishwa chuoni kulitamka kabla ya kula, kabla ya kusoma na kabla ya kushika safari. Vijana wa Ruiru hulipokea kwa sauti moja likifika. Mara ya kwanza kulisikia likitoka katika vinywa vile nilitaka kucheka, kisha nikanyamaza.

Tarehe 13 Julai 1985 alipanda jukwaa la Wembley katika tamasha la kuwachangia Wahabeshi waliokuwa wakifa kwa njaa, na kwa dakika kama ishirini akautia uwanja mzima mfukoni. Wengi wetu tunamjua kwa siku hiyo. Lakini filamu tuliyoiona haikai sana hapo. Yenyewe yaingia katika chumba cha mgonjwa, na yatuonyesha jinsi waandishi wa magazeti walivyoizingira nyumba yake mtaa wa Kensington, London, wakivizia kupiga picha mashavu yaliyobonyea. Mimi ni mwandishi wa gazeti. Niliinamisha macho kwenye kikombe changu cha chai.

KILA MTU NA MKASI WAKE

Taa zilipowashwa mjadala ulianza, na haukuchukua dakika tano nikatambua jambo: hakuna aliyeipenda filamu yote. Kila mmoja alikuwa na mkasi wake, na kila mkasi ulitaka kukata mahali pake.

Vijana wenye fulana nyeusi walisema filamu ina kilio kingi na muziki kidogo. "Mzee, sisi tumekuja kuskia ngoma," mmoja aliniambia, "si hospitali." Wao wangekata ugonjwa, wabakishe gitaa na jukwaa.

Akasimama bwana mmoja mwenye koti na tai, mwalimu kwa namna alivyonyoosha kidole. Hasira yake ilikuwa nyingine: kwamba filamu imemwanzia mtu ukubwani, Unguja haikupewa nafasi. "Wazungu wametuibia," alisema. "Huyu ni Mwafrika, mzaliwa wa hapa kwetu." Ni kweli kwamba filamu nyingine ya mwaka 2000, The Untold Story, ilifika Unguja na India kufuata utoto wake, hii ya 2021 haikuwa na kusudi hilo. Bwana yule angekata Uingereza, na India pia kama angeweza, abakishe Unguja peke yake.

Mzee mmoja aliyetumika miaka mingi katika mashamba ya kahawa alimjibu kwa upole. Akasema hapa Ruiru mwaka 1985, mwaka ule ule wa tamasha la Wahabeshi, kituo cha utafiti kilitoa mbegu ya kahawa iitwayo Ruiru 11. Ina damu ya Sudan, ina damu ya Timor, na nyinginezo; ikazaliwa hapa. "Mnunuzi huionja," alisema. "Haulizi mjomba wake ni nani." Watu wakacheka, na walikuwa na haki ya kucheka, maana mji huu ni wa wageni watupu. Sensa ya mwaka 2009 ilikuta watu chini ya robo milioni. Ile ya 2019 ilikuta karibu nusu milioni. Wengi wetu tumekuja kwa kazi na kwa kodi iliyo nafuu kuliko ya Nairobi, na kila Desemba magari hujaa watu waendao "kwao".

Wa tatu alikuwa baba aliyekuja na mwanawe. Yeye hakupendezwa na yale filamu iliyoyasema waziwazi, kwamba marehemu aliishi na mwanamume kama mwenzi wake. "Hayo ni mambo ya chumbani," alisema. "Wangeyakata, watoto watazame." Kisha akanigeukia: "Ustadh, nyinyi wa pwani mwasemaje? Huyu ni wenu?"

Chumba kizima kikanitazama.

KOSA LANGU LA MWAKA 2006

Hapa yanipasa nilitoe deni langu mbele ya wasomaji, kama nilivyolitoa mbele ya viti vile vya plastiki.

Mwaka 2006 mkahawa mmoja wa Unguja ulioko ufukweni, uliochukua jina lake, ulitayarisha sherehe ya kukumbuka miaka 60 tangu azaliwe. Jumuiya ya Uamsho ikapinga, ikisema maisha ya mtu yule ni kinyume cha Uislamu, na sherehe ikaachwa. Ilikuwa miaka miwili tu tangu sheria ya Zanzibar kuongezewa adhabu juu ya mambo hayo. Mimi wakati huo nilikuwa Mombasa, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye kalamu kali na haraka nyingi. Nikaandika makala.

Sioni aibu kwamba nilishika dini yangu. Naishika hata leo, na sikuandika haya ili kutoa fatwa. Aibu yangu ni nyingine. Niliandika kwamba mtu yule hakuwa wa kwetu hata kidogo, kwamba pwani haimjui wala haijapata kumjua. Niliyaandika hayo bila kusikia hata wimbo wake mmoja, na bila kuuliza mtu yeyote wa Unguja. Wiki iliyofuata mzee mmoja mzaliwa wa Mji Mkongwe, aliyekuwa akiishi Mombasa, alipanda ngazi za ofisi yetu kwa bakora yake, akalikunjua gazeti mezani kwangu, akasema: "Mwanangu, Maparsi walikuwa majirani zetu. Umewaandika kana kwamba hawakuwako." Hakusubiri jibu. Akashuka.

Maneno hayo yalinikaa. Ni sisi watu wa pwani tunaojivunia asili ya Shirazi katika hadithi zetu. Ni Makunduchi panapofanywa Mwaka Kogwa, ambao asili yake yasemwa ni Nairuzi ya Waajemi. Basi akija Mwajemi mwingine kwa njia ya Bombay, mwenye dini yake na moto wake, tunamkana?

Tena dunia haikukaa mahali pamoja. Tarehe 24 Novemba 2019, siku aliyofariki, jumba la makumbusho lenye jina lake lilifunguliwa Shangani, na wageni hulipa kiingilio. Kisiwa kilichokataa keki ya mwaka 2006 kilikubali tiketi ya mwaka 2019. Sisemi ni watu wale wale. Huyu ni mfanyabiashara, yule ni mtu wa dini. Nasema tu kwamba biashara nayo ina mkasi wake. Hukata yale yasiyouzika.

MAFUNZO YA MWOSHA

Nikamjibu yule baba kwa yale niliyojifunza utotoni. Ustadh wetu wa chuoni, mtaa wa Kibokoni, alikuwa pia mwosha maiti. Sisi watoto tulimwogopa kwa mikono yake, tukidhani ina baridi. Siku moja mmoja wetu alimwuliza alichokiona kwa tajiri fulani aliyezikwa asubuhi ile, maana mtaani palikuwa na maneno. Alipata fimbo, na sote tukapata somo. Mwosha, alisema, huosha maiti akiwa amefunikwa. Na akiona jeraha, au alama, au lolote la kutia aibu, hufa nalo. Hiyo ndiyo sitara.

Lakini mwosha huyo huyo, maiti akiisha kufikishwa msikitini, hataki kusikia amepelekwa bila jina. Hutangazwa: fulani mwana wa fulani, wa mtaa fulani. Mwenye deni lake aseme, mwenye radhi yake atoe. Sitara hufunika uchi wa maiti. Haifuniki kwamba aliishi, kwamba alikuwa na baba, na kwamba alikufa.

Basi nikawaambia watu wa Ruiru: ukitaka kujua kama unasitiri au unafuta, jiulize ni nani anayeepushwa na aibu. Akiwa ni yeye maiti, hiyo ni sitara. Ukiwa ni wewe uliye hai, huo ni mkasi.

Marehemu mwenyewe alijisitiri miaka kadhaa. Alijua ana ukimwi, akawaambia wachache, na ilikuwa haki yake. Waliomvizia langoni ndio waliokosa adabu. Kisha tarehe 23 Novemba 1991 akatoa taarifa kwa ulimwengu kwamba anaugua ukimwi, na kesho yake akafa. Alikifunua kitambaa kwa mkono wake mwenyewe, saa chache kabla ya mauti. Akazikwa, au tuseme akachomwa, kwa ibada ya makasisi wa dini ya wazazi wake. Sasa mtu akilichagua neno hilo kuwa la mwisho, mimi ni nani wa kulifunika tena na kusema namsitiri?

LUTAAYA ALITANGULIA

Tena hatuna haja ya kwenda London kulijua jambo hili. Wakumbukao mwaka 1989 wanamjua Philly Bongoley Lutaaya wa Uganda, mwimbaji aliyekuwa akiishi Sweden, ambaye nyimbo zake zilipigwa hata huku kwetu. Mwaka huo alirudi nyumbani akatangaza hadharani kwamba ana ukimwi. Alikuwa mtu wa kwanza mwenye sifa katika Uganda kufanya hivyo. Na mashabiki wake walifanyaje? Wako waliomwambia mwongo. Walisema ni ujanja wa kutafuta fedha au kuuza nyimbo, kwa sababu walimwona bado anatembea na kucheka. Alikwenda mashuleni na makanisani akiwaeleza watu, huku mwili unakonda mbele ya macho yao, mpaka wakaamini. Alifariki tarehe 15 Desemba 1989. Filamu ya miezi yake ya mwisho, Born in Africa, ilitoka mwaka 1990, na yeye hakuiona.

Mercury alisema siku moja kabla. Lutaaya alisema miezi kadhaa kabla. Simlaumu yule wala simtukuzi huyu kupita kiasi. Lakini tazama tofauti ya matunda. Baada ya tamasha la Wembley marafiki wa Mercury waliunda mfuko wa kupigana na ukimwi, ambao umesaidia nchi nyingi, nasi tumo. Huyu Lutaaya naye aliwafundisha watu uso kwa uso, akiwa hai, na kwa lugha yao.

Na sisi Kenya? Serikali ilitangaza ukimwi kuwa janga la taifa mwezi wa Novemba 1999, wakati makaburi yalikuwa yamekwisha kujaa. Miaka ya tisini ndiyo niliyoanza kazi hii, na kwa kuwa nilikuwa mdogo ofisini nilipewa kuandika tanzia. Niliandika tanzia za wapiga magitaa, wa waimbaji wa hotelini, wa mabingwa wa taarabu. Wote, msomaji, niliwaua kwa maradhi yale yale: "baada ya kuugua kwa muda mrefu". Nilidhani ni adabu. Pengine kwa wengine ilikuwa adabu, maana ndivyo walivyotaka. Lakini sikuwauliza, wala sikuuliza jamaa zao. Niliandika hivyo kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu.

MWENYE CHAI

Mjadala ulipoelekea kwisha, aliinuka mama aliyekuwa akituuzia chai. Alikuwa amesimama mlangoni na birika lake tangu mwanzo, na nilidhani anangoja vikombe.

"Mzee wangu," alisema, "mimi muziki huu siujui. Lakini huyo mama wa kwenye filamu anayelia, mimi namjua." Kisha akaeleza, bila kupandisha sauti. Kakake alikufa mwaka 1996. Jamaa wakasema ni kifua. Kaburini ikasemwa kifua, na katika kitabu cha maombolezi kikaandikwa kifua. Mkewe marehemu naye akafa baada ya miaka miwili, kwa kifua hicho hicho. Waliacha mtoto mdogo wa kike, ambaye huyu mama alimlea. Mtoto hakupimwa, kwa kuwa kumpima ni kukiri. Alipopimwa alikuwa na miaka kumi na mitano, amekwisha kuchoka. "Sasa yuko mzima," alisema, "ana watoto wawili na wote hawana. Anameza dawa yake. Lakini miaka ile kumi na tano tulimsitiri nani?"

Hakuna aliyejibu. Kijana mmoja mwenye fulana ya fuvu akaenda akampokea birika.

Habari hii si ya kale. Wanaoishi na virusi nchini Kenya wanakisiwa kuwa karibu milioni 1.4, na walio wengi wanaishi kwa dawa, si kwa miujiza. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, zahanati nyingi zilizotegemea fedha hizo zilitikisika, wahudumu wakaambiwa wakae nyumbani, na wagonjwa wakajiuliza chupa ijayo itatoka wapi. Wakati kama huo mtu anahitaji kusema: mimi ni mmoja wao, na dawa yangu imekwisha. Asipoweza kusema kwa kuogopa jirani, atanyamaza, na ukimya wake hautamponya. Kwa hiyo wale waliotaka ugonjwa ukatwe katika filamu ili tupate nyimbo, nawaelewa, ila nawaomba wafikiri tena. Nyimbo zipo, nao wataziimba kesho. Kilichokuwa adimu katika chumba kile ni maneno ya mama wa chai, na yasingesemwa kama filamu ingekatwa.

Yule baba alinifuata ngazini. Hakusema kama amekubali, nami sikumwuliza. Alisema tu kwamba njiani atazungumza na mwanawe. Hayo yanatosha.

Ustadh wetu wa Kibokoni alifariki zamani. Nilikuwako akioshwa, na nilikumbuka methali aliyopenda kutuambia: mwosha huoshwa. Sisi tunaoandika habari za maiti tutaandikwa, na tunaokata filamu za wenzetu zetu zitakatwa. Ningependa atakayeniosha anifunike. Lakini pia alitaje jina langu na la babangu, na mtaa wangu, asije akasema sikuwako.

Gazeti likikosea husahihisha. Yangu yamechelewa, lakini nayatoa. Katika makala niliyoandika mwaka 2006 nilisema kwamba marehemu hakuwa wa kwetu. Hilo lilikuwa kosa. Farrokh, mwana wa Bomi na Jer Bulsara, alizaliwa Unguja, akaondoka akiwa kijana, akafia ugenini kwa ukimwi. Alikuwa jirani yetu.